Maziwa Yaliyotakiwa Kufoka

Juzi jioni binti yangu aliinjika maziwa, akaketi na simu yake, na nilipofika jikoni nilikuta yamekwisha kufoka na kuzima moto wa gesi, yameacha utando wa kahawia juu ya jiko pamoja na ile harufu ya maziwa yaliyoungua ambayo haitoki nguoni upesi. Nilifunga mtungi kwanza, kisha nikafungua kinywa ili na mimi nifoke. Badala yake nilicheka, na mtoto akaniuliza, kwa wasiwasi mkubwa kuliko ambao angekuwa nao kama ningemgombeza, "Mama, kuna nini?"

Kulikuwa na ua wa nyumba moja upande wa Thanjavur, kwenye mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na mto Kaveri, katika mwaka wangu wa pili wa masomo Tamil Nadu, kusini mwa India. Rafiki yangu wa hosteli ndiye aliyenialika kwao kwa sikukuu ya Pongal, nami nilikubali kwa sababu wanafunzi walikuwa wametawanyika na mpishi wetu amekwenda kwao; sababu tukufu kuliko hiyo sikuwa nayo. Tulifika jioni ya Bhogi, siku ya kuchoma mikeka mibovu na vikorokoro vya mwaka unaokwisha, na nililala nikiwa nanuka moshi.

Niliamshwa kabla ya alfajiri. Bibi wa rafiki yangu, ambaye kila mtu alimwita Paatti na mimi nikafuata, alikuwa amekwisha kufagia ua na kuinyunyizia ardhi maji, na sasa alikuwa akiinama na kuachia unga wa mchele kati ya vidole vyake hadi mistari ikafungamana kuwa ua kubwa jeupe ambalo hakulipima kwa chochote. Mbele yake yalisimama mafiga matatu, mafiga yale yale ya kwetu, na juu yake chungu kipya kilichofungwa shingoni mmea mzima wa manjano, mizizi na majani yake. Miwa mirefu ilikuwa imeegemezwa pamoja juu ya chungu kama kibanda kisicho na paa. Kila kitu kilielekezwa mashariki, kwa kuwa ilikuwa siku ya kwanza ya Thai, mwezi wa kalenda ya Kitamil, na chakula kile kilikuwa cha kulishukuru jua kwa mavuno kabla ya mtu yeyote kuonja.

Mimi nilipewa kazi ya kuchochea moto kwa majani makavu ya mvumo, nadhani kwa sababu ndiyo kazi ambayo mgeni asiyejua lugha hawezi kuikosea.

Maziwa yalikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha yakaanza kutetemeka pembeni, utando ukajikunja katikati, na povu likapanda taratibu kwenye kuta za udongo, jeupe, likivimba kama kitu kinachovuta pumzi. Watu wakasogea. Watoto waliokuwa wakigombania vipande vya muwa wakaacha, wanawake wakatoka jikoni na mikono yenye unga, na wote wakanyamaza wakikitazama chungu. Nami niliusoma ukimya ule kama ambavyo ungesomwa nyumbani kwetu Tanga, ambako mama alituusia kwamba aliyeinjika maziwa hageuzi shingo, na ambako maziwa yaliyofoka yalikuwa ushahidi wa uzembe usiohitaji shahidi mwingine. Nilidhani wote wameshikwa na hofu na hakuna anayethubutu kuukaribia moto. Povu lilipofika ukingoni kabisa, niliyavuta majani yote kwa mikono miwili na kuyatupa pembeni. Maziwa yakashuka. Nikainua uso nikisubiri shukrani.

Hakuna aliyesema neno. Mtoto mmoja alijiziba mdomo. Rafiki yangu alinisogelea na kuninong'oneza kwamba maziwa yale yalitakiwa yamwagike, kwamba jina lenyewe la sikukuu, Pongal, maana yake ni kufoka, na kwamba walikuwa wametoka wote ili washuhudie jambo nililokuwa nimelizuia. Ningeweza kuingia ndani ya chungu kile nikajifunika.

Paatti hakunigombeza wala hakutabasamu. Alichutama, akaokota majani ya mvumo moja moja, akayakung'uta majivu, na badala ya kuchochea mwenyewe akanitia mkononi. "Kannu," aliniambia, neno ambalo nilikuwa nimekwisha kulijua kwamba asili yake ni jicho na kwamba huitwa hivyo mtoto anayependwa. Nikapuliza makaa hadi machozi yakanitoka, na sikutaka kujua kama yalikuwa ya moshi. Safari ya pili povu lilipanda kwa kasi, likapita ukingo upande wa mashariki, likatiririka juu ya majani ya manjano na kuchachatika motoni, na watu wakapaza sauti, "Pongalo Pongal!" Wanawake wakapiga vigelegele, wao huviita kulavai, lakini ulimi ni ule ule, nami nilipiga changu, kirefu, hadi wenyeji wakageuka. Hilo angalau nilikuwa nimefundishwa vizuri.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mchele mpya na choroko zilizokobolewa vilitiwa, na Paatti akakataa sukari guru isiguse chungu hadi punje ilipopondeka kabisa kati ya vidole, kwani utamu ukitangulia, punje hukaidi na hailainiki tena. Kisha ikaja sukari guru iliyoyeyushwa na kuchujwa mchanga, samli, iliki, korosho na zabibu kavu za kukaanga. Hiyo ndiyo sakkarai pongal. Dada yake wa chumvi, ven pongal, ni mseto wetu kabisa, ila umetiwa pilipili manga nzima, bizari nyembamba, tangawizi na samli isiyo na huruma, na huliwa kwa chatne ya nazi na vadai, bajia zenye tundu katikati. Tulikula juu ya majani ya mgomba. Mama wa rafiki yangu alinipakulia mara tatu, akinifundisha methali yao kwamba mwezi wa Thai ukizaliwa, njia nayo huzaliwa.

Ndani ya basi la kurudi, rafiki yangu alinieleza kwamba wazee hutazama hata upande ambao maziwa yamemwagikia. Maziwa yaliyopanda, yakashuka, kisha yakapandishwa tena, yana maana gani, hakusema, na mimi sikumwuliza. Nilijiambia kwamba Paatti angekuwa na wasiwasi asingenirudishia majani yale. Lakini pia nimewahi kufikiri kwamba alinirudishia mimi ili kosa lirekebishwe na mikono iliyolifanya.

Binti yangu alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akaliangalia jiko.

"Kwa hiyo nimekosea au sikukosea?"

Nilimwambia alete kitambaa kwanza, kabla utando haujakauka.