Siku yangu na Kidato cha 5: kalamu kwanza, mdomo baadaye

Saa 11:30 alfajiri. Nimeshaswali, chai na boflo viko mezani. Leo nina vipindi viwili mfululizo vya fasihi, riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Ndani yake msichana Yasmin anaozwa kwa Raju, mwanamume aliyemzidi sana umri. Kwenye andalio la somo naandika swali moja tu: Nani alimuuliza Yasmin?

Saa 1:00 asubuhi. Natoka Limbani kwa miguu, mji wetu wa Wete, Pemba, ndiyo kwanza unafungua milango. Sarufi na Kidato cha 6, imekwenda vizuri.

Saa 3:00. "Fungeni vitabu. Dakika kumi kalamu isisimame. Usifute, tahajia iache. Ukikosa la kusema, andika 'sina la kusema' mpaka lije." Na mimi nakaa naandika. Mwalimu akipita anachungulia madaftari, watoto huanza kumwandikia yeye. Mmarekani Peter Elbow, aliyeieleza njia hii mwaka 1973, alishikilia kwamba kutunga na kusahihisha ni kazi mbili, ukizifanya kwa pamoja moja huikaba nyingine. Naliona hilo kila siku. Vijana wetu wamezoea kalamu nyekundu tangu darasa la kwanza, ndiyo maana ukiwauliza ghafla wanakupa dhamira na migogoro ya kukariri.

Saa 3:15. Makundi ya wanne wanne. Sharti langu: kila mmoja asome sentensi yake moja kabla ya yeyote kujadili. Mjadala usiotanguliwa na maandishi huwa wa wenye sauti, na wenye sauti ni wale wale.

Kundi la dirishani lina msichana ambaye ni nadra kumsikia. Karatasi yake imeanza na "sina la kusema" mara tatu, kisha: "Wazee walimpa Raju mke, wakadhani wamempa Yasmin maisha." Kaisoma kwa sauti ndogo, macho kwenye karatasi.

Mwenzake akapinga. "Wazee hawakumtakia ubaya. Raju alikuwa na duka."

"Duka la nani?" akauliza yule msichana.

Kundi zima likamgeukia. Mwengine akasema umri ndio tatizo, si duka. Mwengine akauliza kama Yasmin angeridhika lau angeulizwa kwanza. Nikawaacha wabishane mpaka walipoanza kurudia maneno, ndipo nikasema: fungueni kitabu, nionesheni wapi. Hapa sina msamaha. Maoni yasiyopata mahali kitabuni yanabaki maoni.

Saa 5:00. Chumba cha walimu. Mwenzangu ananiuliza: "Maalim, haya yatawafaa kwenye mtihani?" Namwambia Kiswahili 2, karatasi ya fasihi, inataka hoja na mfano kutoka kitabuni, na aliyebishania mfano hausahau. Muda ndio unaobana, hilo nakubaliana naye. Na kelele pia, darasa la jirani wanatusikia.

Saa 8:00 mchana. Nyumbani, wali na mchuzi wa changu.

Saa 10:30 jioni. Baada ya alasiri nasoma karatasi za waliopenda kunipa, asiyetaka simlazimishi. Siweki alama. Kwa penseli napigia mstari sentensi moja yenye uhai na kuandika swali pembeni, kesho sentensi hiyo ndiyo itakayoanzisha aya ya insha. Kwa yule wa dirishani, nikimfikiria Mwajuma, shoga aliyempokea Yasmin alipomkimbia Raju, nimeandika: "Na Mwajuma, alipompokea, alimpa nini?"