Jahazi na Nguzo ya Kaole Kwenye Ubao Mmoja

Ubao huu wa picha mbili, zilizokatwa kanda na kubandikwa kwa kupokezana kwenye migongo ya pembetatu, tuliutengenezea Bagamoyo, ukatundikwa kwenye baraza ya nyumba ya zamani ya mawe, kando ya njia inayoteremka pwani. Anayetoka baharini alikuwa anaona jahazi limetweka tanga. Anayetoka upande wa pili aliona nguzo ya kaburi la Kaole, magofu ya kale yaliyo karibu na Bagamoyo. Aliyesimama katikati aliona zote mbili zimekatana mistari. Mahali tulipachagua kwa sababu watu hupita sambamba na ukuta. Sanaa ya namna hii humtaka mtazamaji atembee.

Njia tuliyoifuata ni ya msanii Yaacov Agam, mmoja wa walioonyesha kazi zao Paris mwaka 1955 katika maonyesho ya Le Mouvement, kwenye Galerie Denise René. Yeye alichora hata juu ya alumini yenye mikunjo. Sisi tulianza na manila iliyokunjwa, na hewa ya bahari ikaimaliza: karatasi ilinyonya unyevu usiku, mikunjo ikalegea na kutanuka, na picha hazikutengana tena.

Kutanuka huko ndiko kunakoharibu kila kitu. Mgongo wenye pembe mraba, yaani nyuzi 90, una uso wa kushoto na wa kulia. Ukiutazama kutoka pembeni kwa nyuzi 45, ukihesabu kutoka mbele yake moja kwa moja, uso mmoja unauona mzima na wa pili haupo kabisa. Pembe ikifunguka kufikia nyuzi 120, picha hazitengani mpaka utazame kwa nyuzi 60, karibu ukutani, na hapo ubao mzima unaonekana umebanwa kufikia nusu ya upana wake.

Fundi seremala ndiye aliyetuvusha. Alichukua mbao za paini zilizokauka, akazipiga randa ziwe mraba, kisha akazipasua kona kwa kona kwa msumeno wa meza. Kila mbao ilitoa miche miwili ya pembetatu, kwa hiyo mbao 20 zilitosha migongo 40. Tulitaka nyuso za sentimita 3, lakini mbao zilirandwa kwa sentimita 3.2, kwa kuwa msumeno hula kama milimita 3, na kila uso hupungua milimita 2 hivi. Kitako cha kila mche kilikuwa sentimita 4.24, na migongo 40 ikajaza plaiwudi ya upana wa sentimita 170. Ukiutazama kwa nyuzi 45, upana huo unaonekana sentimita 120, sawasawa na picha ilivyokuwa kabla ya kukatwa. Hesabu hiyo naipenda mpaka leo.

Picha zilichorwa kwenye kitambaa cha marekani kilichopakwa gundi ya mbao iliyozimuliwa, kisha rangi nyeupe. Vipimo vichukuliwe baada ya gundi kukauka, maana kitambaa hurudi kikilowa. Gundi hiyo pia huzuia nyuzi kuchomoka kwenye kingo. Kabla ya kukata, kila ukanda uliandikwa nyuma: J1 hadi J40 za jahazi, K1 hadi K40 za Kaole. J zote zilibandikwa nyuso za kushoto, K za kulia. Mstari wa upeo wa bahari na ukingo wa juu wa ukuta wa kaburi tuliviweka kimo kimoja, ili hata anayetazama kutoka mbele jicho lake lipate pa kushika.

Siku ya kutundika, mzee mmoja nahodha alisimama karibu kabisa na ukuta akasema, "Wanangu, tanga hili limebanwa, halibebi upepo." Kwa pale aliposimama alisema kweli. Tukamwomba arudi nyuma. Ukiwa mita 3 kutoka ukutani na mita 3 pembeni ya katikati ya ubao, ncha ya karibu unaiona kwa nyuzi 36 na ya mbali kwa nyuzi 52, hivyo Kaole huchungulia kwenye ncha ya karibu. Kwa mita 6 na 6, ncha zote huwa kati ya nyuzi 40 na 49. Mzee alipofika huko akatazama kwa muda, akasema, "Sasa linakwenda."

Ukuta ulitazama kaskazini, kwa hiyo asubuhi jua liliangaza nyuso za jahazi na kuiacha Kaole kivulini. Ndiyo maana mawe ya nguzo tuliyapaka rangi nyepesi kuliko yalivyo. Skrubu tulitumia za shaba, kwani za chuma pale pwani huvuja kutu kwenye picha.