Anza na jibu wanalokosea

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha umeme chuoni nilirekodi vidio ya dakika 42, slaidi mwanzo mwisho, sauti yangu nasoma kila neno lililoandikwa kwenye slaidi, na muziki kwa chini. Nilikesha siku mbili naiandaa. Wanafunzi wakaishusha, wengine bando likaishia hapohapo, afu kwenye mtihani swali la taa tatu likawaangusha karibu nusu ya darasa. Iliniuma sana, maana jibu lake nilikuwa nimelisema humo ndani tena kwa sauti safi kabisa.

Swali lenyewe ni hili: betri moja, taa tatu zinazofanana zimeungwa kwa mfululizo, ipi itawaka zaidi? Wengi wanakwambia ya kwanza, ile iliyo karibu na upande chanya wa betri, kwa sababu umeme unapita hapo kwanza inautumia, ya pili inapata uliobaki, ya tatu inaokota makombo. Na ukimsikiliza vizuri huyo mtu sio mzembe, anafikiria kama mtu aliyezoea foleni ya bombani ambapo wa mwisho anakuta maji yamekatika. Sasa vidio yangu ilikuwa inasema "mkondo ni uleule kila mahali", yani umeme unaopita kwenye waya haupungui njiani, wao wanaitikia, wanaandika kwenye daftari, na lile wazo la bombani limekaa palepale halijaguswa na mtu.

Kwa hiyo masomo ya kwenye simu ninayotengeneza siku hizi yanaanza na kosa. Skrini ya kwanza ni mchoro tu na vitufe vinne: ya kwanza, ya kati, ya mwisho, zote sawa. Maelezo hamna. Lazima abonyeze ndo aendelee, na akibonyeza haambiwi amekosa wala amepata, anaambiwa haya twende ukajenge uone. Hapo anafungua PhET, zile simulesheni, yani majaribio ya kuigiza kwenye skrini, za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder alizozianzisha Carl Wieman mwaka 2002, ni za bure na nyingine zina tafsiri ya Kiswahili. Anaburuza betri ya volti 9, taa tatu za omu 10 kila moja, anaweka ameta, kile kipima mkondo, kabla ya taa ya kwanza inasoma ampia 0.30, anaihamishia katikati 0.30, anaipeleka mwisho kabisa 0.30, na taa zote zinawaka sawa. Darasani ndo unasikia "ah, hebu hamisha tena."

Baada ya hapo kila kitufe kina njia yake. Aliyechagua ya kwanza anaulizwa kama taa ya kwanza imekula mkondo mbona kule mwisho haujapungua. Aliyechagua ya mwisho naye ana lake, yani mara nyingi huyu ameshasoma kwamba elektroni, zile chembe zinazobeba umeme kwenye waya, zinatokea upande hasi akaanza kuhesabu foleni kutoka upande wa pili, foleni ni ileile tu kageuza, ukimpa jibu la yule wa kwanza humsaidii. Kuandika haya majibu ndo kunakonila muda kuliko kurekodi, na makosa yenyewe siyatungi, nayatoa kwenye karatasi za mitihani ya nyuma.

Maelezo yanakuja mwishoni, klipu ya dakika 3 hivi, kwamba kinachotolewa kwenye taa ni nishati ila mkondo wenyewe unarudi wote. Kwa nini fupi: Guo na wenzake mwaka 2014 waliangalia utazamaji wa vidio za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, vipindi milioni 6.9, wakakuta watu wanakaa na vidio dakika kama 6 hata iwe ndefu vipi. Muziki nimetoa. Kusoma slaidi kwa sauti nimeacha pia, hii nilijifunza kwa Richard Mayer, mwanasaikolojia wa elimu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, picha na sauti vinatosha, ukiongeza maandishi yaleyale macho yanakimbilia kusoma yanaacha mchoro. Nabakiza neno mojamoja tu kwenye mchoro, maana kozi ni ya Kiingereza na wengi "current", yani mkondo, wanaisikia vizuri zaidi wakiiona imeandikwa.

Simulesheni naishusha mara moja ofisini, ni faili linalofunguka bila intaneti, wanarushiana wenyewe. Simu moja kwa watu wawili nimeona inafaa kuliko kila mtu na yake, kwa sababu kabla ya kubonyeza lazima wakubaliane, na wakibishana kila mmoja inabidi aseme kwa nini.

Sasa hivi niko kwenye sambamba, yani kila taa ina njia yake kutoka kwenye betri. Nimeshapata karatasi 11 zinazokosea kwa kusema ukiongeza taa ya pili kwa sambamba ile ya kwanza itafifia, na wote 11 wametoa sababu moja, betri inagawa kilekile ilichonacho. Mchoro wa skrini ya kwanza ninao, njia ya kuwajibu bado naiandika.