Bastola ya babu imetoka kwa fundi

Bastola aliyotuachia marehemu babu, Webley Mark VI, aina ambayo jeshi la Uingereza liliipitisha mwaka 1915, imetoka kwa fundi mwenye leseni hapa Mwanza baada ya vibali vyote kukamilika polisi. Kutu iliyoletwa na unyevu wa ziwa ilikuwa ya juu juu tu. Kilichotushughulisha ni silinda, ile ngoma inayozunguka na kubeba risasi: fundi aliikoki nyundo polepole, akakagua kama kila tundu kati ya yale sita linalingana na mtutu na kujifunga bila kuchezacheza, kwa kuwa likipishana hata kidogo, risasi hunyolewa na vipande vyake hurukia pembeni. Springi iliyochoka ameibadilisha; kifyatulio chepesi nilichokitamani amekikataa, na nadhani hakukosea. Zito zaidi ni kwamba nyuma ya silinda ilikuwa imechongwa, kama zilivyochongwa nyingi, ili ipokee risasi za .45 ACP, aina ya Kimarekani, ambazo shinikizo lake la kiwandani linazidi kwa mbali lile la .455, risasi yake ya asili, ambalo chuma hiki kiliundiwa. Kwa hiyo itatumia risasi zenye baruti kidogo tu (babu angebisha), na jaribio la kwanza litafanyika uwanja wa shabaha, bastola ikiwa imebanwa kwenye jiliwa na kufyatuliwa kwa kamba ndefu.