Waliobaki kwenye chujio

Jumatano, usiku

Leo dada mmoja wa zamu ya asubuhi hapa kwenye kituo chetu cha kupigia wateja simu alinifuata mezani, hedifoni bado iko shingoni. "Kaka, huyu mama wa Vwawa aliniambia wiki iliyopita nisimpigie tena, na nikamwandika kabisa kwamba hataki. Mbona leo mashine imenirushia namba yake tena? Amenisema mpaka nimekosa la kujibu." Hakuja kulalamika kwa ajili yake mwenyewe. Alimwonea huruma yule mama, aliyesema jambo lake vizuri na hakusikilizwa.

Nikafungua rekodi. Kwenye orodha ya waliokataa kupigiwa, namba yake inaanza na 07. Kwenye faili jipya tuliloletewa kwa ajili ya kampeni, namba hiyohiyo inaanza na 2557. Mimi na wewe tukiitazama tunaona namba moja. Kompyuta inaona vitu viwili visivyohusiana, kwa hiyo kichujio, yaani sharti linaloamua nani apigiwe na nani aachwe, kilitafuta namba ya mama kwenye orodha ya waliokataa, hakikuiona, kikaipitisha.

Tunatumia VICIdial, programu huria ya kupigia watu wengi simu, iliyojengwa juu ya Asterisk, programu nyingine huria ya kuendesha simu. Humo ndani kichujio ni kipande tu cha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ambacho mfumo hukibandika kwenye swali lake unapojaza hopa, yaani foleni ya namba zinazosubiri kupigwa. Ukiandika called_count < 4, aliyekwisha kupigiwa mara nne anapumzishwa. Ni mstari mmoja mfupi, na wahudumu wote kule ukumbini watapiga simu kwa kuufuata bila hata kujua kwamba upo. Ndiyo maana mimi hupenda kazi kubwa ya kuchuja ifanyike mapema, kabla orodha haijaingia kwenye mfumo, mahali ambapo naweza kuona kila hatua imefanya nini.

Jioni nzima nimekuwa nikipanga upya mfuatano wa hatua hizo, kwa sababu tatizo la mama wa Vwawa ni la mfuatano. Namba zinyooshwe kwanza, zote, za orodha mpya na za waliokataa pia: ondoa nafasi, vistari na alama ya kujumlisha, chukua tarakimu tisa za mwisho, hakikisha ya kwanza ni 6 au 7, kisha weka 255 mbele. Hapo ndipo zinazojirudia zitaonekana, na hapo ndipo waliokataa watakapoondoka kweli. Ukianza kuondoa kabla ya kunyoosha, umewaondoa wale tu walioandikwa kwa namna moja na wewe.

Faili zenyewe huja zimeumia njiani. Excel inaichukulia namba ya simu kama hesabu, kwa hiyo sifuri ya mwanzo inaliwa. Namba ikiwa na 255 mbele, tarakimu zake 12 zinaonekana kama 2.55713E+11, na mtu akihifadhi CSV, yaani faili la maandishi matupu, ikiwa katika hali hiyo, tarakimu sita za mwisho zimekwenda na hakuna msimbo utakaozirudisha. Hiyo lazima irudishwe kwa mwenye faili. Halafu kuna seli zenye namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju (/), ya baba na ya mama, na ile kanuni ya tarakimu tisa za mwisho inamtupa baba kimyakimya. Hizo nazigawa kabla ya jambo lolote. Wapo pia wanaotaka kuchuja watu kufuata kampuni ya simu kwa kuangalia mwanzo wa namba. Tangu Machi 2017 mtu Tanzania anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile, kwa hiyo 0754 haikuambii tena yuko wapi leo.

Lakini kilichonikalisha mpaka saa hizi ni safu ya mkoa. Kampeni ni ya kuwakumbusha wateja wa sola wa Songwe kukaguliwa betri zao, na sharti tulilopewa ni mkoa = 'Songwe'. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mtu wa Mbozi aliyesajiliwa 2014 bado ameandikwa Mbeya, ingawa hajahama nyumba. Kwa sharti hilo, wateja wa zamani zaidi, ambao betri zao ndizo zimechoka zaidi, hawapigiwi. Nimelibadilisha lisome wilaya: Mbozi, Momba, Ileje na Songwe yenyewe.

Kampeni ya pili inahusu nchi nzima isipokuwa Mbeya, na sharti lake ni mkoa <> 'Mbeya', yaani mkoa usiwe Mbeya. Hapa SQL ina tabia ambayo kila anayechuja watu anapaswa kuijua. Safu ikiwa haina kitu kabisa, ikiwa NULL, jibu la kulinganisha si ndiyo wala si hapana. Halijulikani, na mstari usiojulikana haupiti. Hakuna onyo linalotokea. Idadi inashuka kidogo, na msimamizi anadhani ndio hao wa Mbeya waliotoka. Nimewatazama waliokosa mkoa: wengi ni walioandikishwa vijijini na mawakala kwa fomu za karatasi. Nimeongeza OR mkoa IS NULL, yaani "au mkoa haujaandikwa", wakarudi.

Anayechuja tui hutupa machicha. Mimi machicha ndiyo ninayoyakagua kwanza. Kuanzia leo kila anayeachwa anaingia kwenye jedwali la pembeni, na mbele ya jina lake sababu: alikataa, namba pungufu, imejirudia, mkoa mwingine. Sababu ikikosekana, faili haliingii kwenye mfumo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Siku akituuliza tumefanya nini na neno lake, nataka jibu liwepo kwa maandishi.

Wahudumu nao wameniomba wauone mwaka wa kuzaliwa wa mteja, wajue nani wa kumwamkia shikamoo. Ombi la haki kabisa. Nimewawekea alama tu kwa waliovuka umri fulani. Tarehe yenyewe haina haja ya kuonekana ukumbini.

Bado sijajua la kufanya na namba zilizolala muda mrefu, ambazo kampuni za simu huwapa watu wengine. Aliyekataa huenda si aliyenayo sasa. Kwa leo nimeziacha kwenye orodha ya waliokataa, na asubuhi nitamwomba msimamizi wa kampeni tarehe ya kila kukataa, kwa sababu kwenye faili alilonipa safu hiyo haimo.