Nusu kwa nusu kwenye paja moja: nilivyoijaribu bandeji mpya

Nilipokabidhiwa majaribio ya bandeji mpya katika wodi ya majeraha ya moto, kilichonikosesha usingizi hakikuwa bandeji. Nilijiuliza nitajuaje kama imesaidia, au kidonda kingepona tu chenyewe? Mkono mmoja unaweza kubabuka juujuu hapa, na upana wa vidole viwili pembeni ukawa umeungua hadi chini kabisa. Ukimlinganisha mgonjwa huyu na yule ndiyo balaa zaidi: umri, lishe na kisukari vyote vinaingilia.

Tukaamua kujaribia mahali ngozi nzima ya kupandikiza kwenye jeraha la moto ilipotolewa, yaani pajani. Mashine hukata utando mwembamba, chini ya milimita 1, na kina hakitofautiani sana. Nusu moja tuliifunga kwa shashi ya kawaida yenye mafuta, nyingine kwa bandeji mpya. Upande upi upate nini, bahasha iliyofungwa ndiyo iliyoamua. Hapo sikutaka mjadala, maana muuguzi akiachiwa achague, dawa anayoipenda itaangukia upande wenye nafuu.

Ridhaa sikuiharakisha. Mtu anayetetemeka kwa maumivu atakubali lolote. Tulisubiri dawa za maumivu zishike, na aliyemweleza hakuwa daktari wake, asije akadhani akikataa hatatibiwa vizuri. Mgonjwa mmoja aliniuliza, "Sista, kama ni nzuri, mbona msiniwekee kote?" Nikamwambia, "Dada yangu, tungekuwa na hakika ni nzuri, tusingekuwa tunaijaribu." Akacheka, akaomba kwanza azungumze na mama yake.

Kupima ndiko kulikokuwa na kazi. Tulisafisha kwa maji ya chumvi, tukangoja wekundu utulie, tukaweka rula na namba, tukapiga picha kwa taa ileile. Picha zilisomwa na daktari wa wodi nyingine asiyejua upande upi una nini. Kwa salfadiazini ya fedha, krimu ya kupaka majeraha ya moto iliyoanza kutumika miaka ya 1960, hilo lingetushinda: huacha utando juu ya kidonda, na mzoefu huitambua papo hapo. Mimi nilikuwa nagusa kwa shashi kavu. Ikitoka bila doa, ngozi imefunga. Ikitoka na majimaji ya waridi, bado.

Siku za kupona zilikaribiana. Kilichotofautiana ni maumivu, kwa sababu shashi hugandana na kidonda na kuibandua ni mateso. Wengine waliona hayo ni matokeo madogo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Hata madaktari wa Fortaleza, Brazili, walipofunika majeraha ya moto kwa ngozi ya samaki aina ya perege, faida mojawapo waliyoitafuta ni kupunguza kubadilisha bandeji.

Bado tunawaita wagonjwa wale kliniki kukagua makovu, kwani kovu la moto huendelea kubadilika kwa mwaka mzima na zaidi. Wanaofika hulalamikia muwasho kuliko sura ya kovu, kwa hiyo swali la muwasho nimeliongeza kwenye fomu.