Tuko wa tatu baada ya mechi sita, mbona mi sina raha

Mechi sita, pointi 13, nafasi ya tatu kwenye msimamo. Tumeshinda nne, sare moja, tumepoteza moja. Ukisoma hivyo tu bila kuangalia mpira unasema hawa jamaa msimu huu wanapanda daraja, na kweli jamaa yangu ninayekaa naye jukwaani ameshaanza kunitajia viwanja vya ligi ya juu tutakavyoenda mwakani, yaani ameshapanda yeye, timu itamkuta huko huko. Mimi nikifungua mdomo naitwa mchawi. Eti tukifungwa nalalamika, tukishinda nalalamika.

Sawa, nalalamika. Ila nimeziangalia zote sita, nne uwanjani na mbili kwenye simu, picha inaganda kila tukipiga kona, na nina daftari. Ndo ugonjwa wangu huo, naandika. Dakika, goli limetokea wapi, nani kapoteza mpira, kipa kaokoa nini. Sasa jana usiku nikalifungua nikaanza kujumlisha na nikalala vibaya.

Anza na magoli. Tumefunga nane, si haba. Lakini matatu ya kona, mawili ya penati, moja beki wao kajifunga mwenyewe. Yaliyobaki ni mawili tu, mawili kwenye mechi sita, ndo tumefunga kwa kucheza, mpira umetoka nyuma ukapita katikati ukafika kwa mtu akamalizia. Sisemi goli la kona si goli, kwenye madaraja ya chini timu inayojua kona inaishi vizuri sana, mabeki wa huku wanakaba kwa macho, na tuna yule beki wa kati mrefu anayeruka kama amewekewa springi. Hiyo ni silaha na kocha anaifanyia mazoezi, inaonekana. Penati sasa. Penati inaingia robo tatu ya zinazopigwa au zaidi kidogo, kwahiyo ukishapewa una uhakika mkubwa, lakini kupewa ndo huwezi kupanga. Mbili kwenye mechi sita, msimu mzima haitaenda hivyo. Na beki wa watu kujifunga sijui utamwomba nani akusajilie.

Ile 3-0 ndo inawadanganya watu kuliko zote. Mtu wao alipewa nyekundu dakika ya 18, kazuia mpira na mkono mstarini, penati juu yake, moja bila. Kuanzia hapo tulicheza dakika zaidi ya sabini dhidi ya watu kumi, tukapata kona moja na lile la kujifunga. Watu wakatoka wanaimba. Mi nilikuwa nahesabu mashuti, na kwenye kipindi cha pili chote dhidi ya watu kumi tulilenga goli mara tatu. Tatu! Toa hiyo mechi halafu uniambie tuna tofauti ya magoli ya ngapi. Ni sifuri. Tano tumefunga, tano tumefungwa. Timu ya nafasi ya tatu hiyo.

Halafu tumecheza na nani? Hapa watu hawapendi kabisa kuulizwa. Wanne kati ya sita wako nusu ya chini ya msimamo. Jamaa yangu akanijibu kwa akili kweli, akasema wako chini kwasababu sisi tumewafunga, na ana hoja, mechi sita ni chache, pointi tatu ulizomnyang'anya mtu zinamshusha nafasi nne tano. Kwahiyo nikafanya hivi, kila mpinzani nikatoa mechi aliyocheza na sisi nikaangalia mechi zake zingine zinasemaje. Bado. Wawili hawajamfunga mtu yeyote. Mmoja kashinda mara moja tu. Tumecheza na timu moja ya maana, ile inayoongoza ligi, na hiyo ndo iliyotupiga tatu.

Ile mechi ndo niiseme vizuri maana pale niliona kitu, na nilikuwa nyuma ya goli letu kwahiyo nilikiona karibu. Mpaka dakika ya 60 ilikuwa 0-0 na nikwambie ukweli tulikuwa tunacheza vizuri, tumebana katikati, winga wao wa kulia hana pa kupita. Dakika ya 63 hivi, wanapata kona, namuangalia namba sita wetu, kiungo mkabaji, mtu ambaye timu nzima inategemea mapafu yake. Ameinama, mikono kwenye magoti. Mpiga kona anarudi nyuma, anakuja, anapiga, yule bado hajainuka. Ile haikuingia, kipa aliipangua. Nikamuambia jamaa yangu mtoe huyo, mtoe sasa hivi. Kocha akageuka kuangalia benchi, nami nikaangalia benchi, na nikaelewa kwanini hamtoi. Kuna kipa wa akiba, kuna watoto wawili wa timu ya vijana, kuna straika anayetoka majeruhi na beki wa kulia. Kiungo hakuna. Dakika ya 67 la kwanza, 74 la pili, 88 la tatu, yote yamepita pale pale katikati, mbele ya mabeki, sehemu ambayo namba sita alikuwa anafika amechelewa hatua mbili.

Nilivyorudi nikafungua kurasa za nyuma. Tumefungwa matano msimu huu, manne ni baada ya dakika ya 65. Lile la sare pia, dakika za nyongeza, tuko mbele moja bila, mtu anapiga shuti akiwa peke yake pale pale kwenye nusu duara ya boksi, hakuna wa kumsogelea. Mechi tulizoshinda 1-0 mbili zote zimeisha kipa wetu akiwa mchezaji bora, na kwenye moja mwamba ulitusaidia mara mbili. Huyo kipa nampenda kuliko ndugu zangu wengine, lakini kipa akiwa ndo mchezaji wako bora wiki tatu mfululizo huo si ushindi wa kujivunia, hiyo ni taarifa.

Na madaraja haya benchi ndo msimu wenyewe. Tangu 2020 sheria ilivyoruhusu sub tano, yaani kubadilisha wachezaji watano kwa mechi, mwanzoni kwa muda kisha 2022 ikawa ya kudumu kwa ligi zinazotaka, watu walifikiri inatusaidia wote sawa. Wapi. Inamsaidia mwenye watu. Mwenye wachezaji ishirini na wawili wa kiwango kimoja anabadilisha nusu ya timu dakika ya 60 anakuletea miguu mipya, wewe mwenye kumi na tatu unabaki kuomba mpira utoke nje. Mwanzo wa msimu hauonekani sana kwasababu kila mtu katoka mapumziko, hakuna majeruhi, hakuna kadi, uwanja bado una nyasi. Sasa subiri kadi za njano zifike idadi ya kukaa nje, subiri mechi za katikati ya wiki, safari ya basi masaa sita kwenda na mengine sita kurudi na kuna wachezaji kesho yake asubuhi wana kazi zao nyingine. Halafu dirisha dogo la usajili likifunguliwa yule winga wa mkopo, aliyefunga moja kati ya yale magoli mawili ya maana, klabu yake ikimtaka si anaondoka?

Najua mtasema msimu umeanza tu acha watu wafurahi. Wafurahi, nani kawakataza. Ila mwanzo wa msimu umeshawadanganya wakubwa kuliko sisi. Hull City 2008 walipanda ligi kuu ya Uingereza kwa mara ya kwanza kwenye historia yao, wakaanza kama wamerogewa, mechi tisa pointi 20, wakaenda kwa Arsenal wakashinda, wakaenda kwa Tottenham wakashinda. Mechi 29 zilizobaki walishinda mbili. Mbili! Walimaliza wa 17 na pointi 35, wakaponea hapo juu ya mstari wa kushuka. Katikati ya huo mporomoko kocha wao Phil Brown aliwahi kuwakalisha wachezaji chini uwanjani wakati wa mapumziko, mbele ya mashabiki, akawagombeza, walikuwa wameshapigwa nne na Manchester City. Mi sidhani shida ilikuwa wachezaji kutosikia. Pointi zile 20 ndo ziliwaokoa wasishuke, kwahiyo sizidharau hata kidogo, na zetu 13 vilevile sizidharau, pointi ukishaiweka hakuna wa kuja kuichukua.

Na upande wa pili pia ni hivyo hivyo, kabla hujamcheka aliyeko mkiani. Nottingham Forest msimu wa 2021/22, daraja la pili kule kule, mechi saba pointi moja, wa mwisho kabisa, kocha akafukuzwa akaja Steve Cooper, Mei wakamaliza wa nne na wakapanda kwa playoff, zile mechi za mtoano za kugombea kupanda, 1-0 dhidi ya Huddersfield pale Wembley. Miaka 23 walikuwa wanaisubiri ligi kuu. Crystal Palace 2017 walipoteza saba za kwanza bila kufunga hata goli moja, wakamaliza wa 11. Ndo maana ile timu iliyo mkiani kwetu sasa hivi siiangalii vibaya, tulivyocheza nao walitusumbua sana, walipiga mashuti mengi kuliko sisi, straika wao ndo miguu ya mbao. Wakipata mfungaji hao mtakuja kuniambia.

Sio kwamba hakuna kizuri. Mabeki wetu wawili wa kati wanaongea, msimu uliopita walikuwa wanatazamana tu mpira ukipita kati yao, sasa mmoja akitoka mwingine anabaki. Kona nimeshasema. Beki wa kushoto mpya anapiga krosi akiwa anakimbia, sio mpaka asimame apange mguu. Na kocha habadilishi mfumo kila wiki kama yule wa mwaka juzi tuliyekuwa hatujui leo anacheza na mabeki watatu au watano, nadhani hata wao walikuwa hawajui. Kwahiyo sisemi tutashuka, sijasema hivyo na mtu asinilishe maneno. Naona timu ya nafasi ya saba mpaka ya kumi na moja iliyoazima nafasi ya tatu, na akipatikana kiungo mmoja, hata asiwe mzuri sana, awe tu na mapafu na ajue kusimama mbele ya mabeki, basi nitaanza kuongea lugha ya jamaa yangu.

Sasa mechi tatu zinazofuata, mbili ugenini, na wote watatu wako nane bora. Jamaa anasema pointi saba. Mi nimemwambia nne nazipokea kwa mikono miwili, tumewekeana na dau ambalo sitaliandika hapa. Jumamosi nitasimama pale pale nyuma ya goli. Ikifika dakika ya 60 sitaangalia mpira, nitamwangalia namba sita.